Ndugu yako anaenda kufanyiwa oparesheni ya kisogo? Jiandae hivi

Mdogo wangu alikuwa akikohoa anashika kisogo kwa mikono miwili, anafumba macho, nusu dakika hivi, halafu anaendelea na stori kama hakuna kitu. Tukampima macho, tukampima presha, taifodi ikatibiwa mara tatu. Kilichotushtua ni siku anageuza chapati kwa vidole kama tunavyofanya wote, kidole kikaungua mpaka kikatoa lengelenge na yeye hakusikia chochote, aliona tu. Ndo tukaambiwa tupige MRI, ile picha ya ndani inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na jina likatoka: Chiari, linatamkwa kiari, ni jina la daktari Hans Chiari aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1891.

Kwa kifupi, chini ya kisogo fuvu lina tundu kubwa ambapo ubongo unaungana na uti wa mgongo. Ubongo mdogo wa nyuma una ncha mbili, na kwa hawa wagonjwa zile ncha zinateremka kwenye tundu zinakaa kama kizibo, mara nyingi wasoma picha wanahesabu ni Chiari zikiteremka kuanzia milimita 5. Maji yanayozunguka ubongo na uti yanakosa njia, ndo maana akikohoa, akipiga chafya, akicheka sana au akisukuma choo kigumu kisogo kinauma kama kinapasuka. Na kwa wengine maji yanajikusanya ndani ya uti wenyewe, hapo sasa ndo hisia za moto na baridi zinapotea mikononi wakati ukimgusa anasikia vizuri tu.

Kabla ya kusaini chochote, kaa na daktari bingwa uulize, usiogope kuonekana mjuaji. Uliza kama kuna maji ndani ya uti na kama mgongo wote umepigwa picha au ni kichwa tu. Uliza kama kichwani maji yamejaa, maana yakijaa hayo kwa kawaida yanashughulikiwa kwanza. Uliza pia kwa nini afanyiwe sasa, sababu sio kila mwenye Chiari anapasuliwa, mtu ambaye imeonekana kwake kwa bahati na hana dalili anafuatiliwa tu kwa vipimo. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi anakuwa na Chiari ya aina ya pili, hiyo njia yake ni nyingine.

Siku zenyewe zikikaribia, fumua nywele mapema, usisubiri nesi aje kufumua rasta saa kumi na moja alfajiri. Taja dawa zote anazomeza hata za dukani, hasa aspirini na diklofenaki kwa sababu zinachangia damu kuvuja. Akiwa na mafua au kikohozi sema, wanaweza kuahirisha na ni heri waahirishe. Chakula kwa kawaida kinasimama angalau masaa 6 kabla, wodi ikisema zaidi fuata wodi, na zile habari za "kauji kidogo tu apate nguvu" zinaweza kumfanya atapike akiwa kwenye nusu kaputi na uji uingie kwenye mapafu.

Ndani huko analazwa kifudifudi, kichwa kimeshikwa na kifaa chenye pini (utaona vitundu pembeni ya kichwa, usianze kupiga kelele wodini). Wanachana katikati kutoka kisogoni kushuka shingoni, wanatoa kipande kidogo cha mfupa, sentimita 3 hivi, na mara nyingi na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo. Wengi wanafungua pia utando mgumu unaofunika ubongo na kushonea kiraka ili ncha zipate nafasi na maji yapite. Mfupa haurudishwi. Mama aliuliza mara kumi kama ubongo utabaki wazi, hapana, pale kuna misuli minene inafunika.

Kazi yako sasa ndo inaanza. Siku za mwanzo shingo inauma kweli kweli na kichefuchefu kipo, mpe dawa kwa saa yake, usingoje alie. Akigeuka kitandani ageuke mwili mzima kama gogo, asipindishe shingo. Mwinue atembee mapema wakiruhusu. Papai, maji mengi, na dawa ya kulainisha choo, maana kusukuma ni adui. Asibebe ndoo kichwani, sio wiki mbili wala mwezi, mpaka daktari aseme, na bodaboda aisahau kwanza. Kama ni Muislamu aswali amekaa, kusujudu kusubiri.

Kitu cha kuangalia kuliko vyote ni mto. Kila asubuhi mi nilikuwa napapasa foronya, siku ya tisa nikakuta imelowa maji yasiyo na rangi kabisa, zahanati ya jirani wakasema jasho wakabandika plasta mpya. Jasho gani linatoka sehemu moja tu? Tulirudi kwa aliyempasua siku hiyohiyo, yalikuwa maji ya ubongo yanavuja kwenye mshono, akaongezwa nyuzi. Kwa hiyo ukiona maji hayo, au uvimbe laini chini ya kovu, homa na shingo kukakamaa, kichwa kinachouma akikaa na kupoa akilala, kupaliwa na maji ya kunywa, usingizi usio wa kawaida au pumzi kubadilika, usiulize majirani, beba mtu.

Halafu mwambieni ukweli mapema. Kile kichwa kinachouma akikohoa ndo huwa kinapona vizuri zaidi, ila ganzi ya mikono inaweza kupungua taratibu au ikabaki, maana sehemu ya uti iliyokwisha kuumia haifufuki, oparesheni inazuia isiendelee. MRI ya kuangalia mara nyingi inarudiwa baada ya miezi kadhaa na lile shimo la maji ndani ya uti linasinyaa polepole. Mdogo wangu anacheka sa hivi bila kushika kisogo, lakini chapati anageuza kwa kijiko na maji ya kuoga anayapima kwa mguu kwanza.