Somo: Subira Hupigwaje Picha? Video Fupi ya Kikundi, Hatua kwa Hatua

Kila muhula hapa Bagamoyo hunijia vikundi vya wanafunzi vilivyopewa kazi ya kutengeneza video ya dakika 3 kuhusu neno moja tu: haki, uhuru, upendo, amani, subira. Karibu vyote huanza kwa namna moja, yaani mwanafunzi husimama mbele ya kamera akaeleza maana ya neno hilo kama lilivyo katika kamusi, kisha muziki wa huzuni ukafuata. Ningependa tuachane na njia hiyo. Mfano nitakaoutumia ni wa kikundi cha wanafunzi 5 nilichokiongoza, ambacho neno lake lilikuwa "subira".

Hatua ya kwanza ni kutafuta tendo, na hapa ndipo kikundi kinapaswa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Dhana haina umbo, na kamera haioni kisicho na umbo. Huona mikono, nyuso, vyombo, mwanga na kivuli. Kwa hiyo kaeni chini, simu zikiwa mfukoni, na kila mmoja aandike matendo 5 aliyoyashuhudia kwa macho yake, ambamo neno lenu limo bila mtu yeyote kulitaja. Tendo mtakalolichagua liwe na mwanzo na mwisho unaoonekana, lifanywe na mtu mnayeweza kumfikia, na liwe na kitu kinacholipinga. Sharti hili la mwisho ndilo husahauliwa. Mzee aliyekaa barazani akitazama bahari huenda ana subira, huenda pia anasinzia, na mtazamaji hana njia ya kutofautisha.

Kikundi kile kilileta matendo 25. Yalikuwemo ya mama anayengoja wali ukauke baada ya kuupalia makaa, ya foleni ya zahanati, na ya mtoto anayejifunza kusuka ukili. Lililoshinda ni la fundi wa mashua anayekalafati. Fundi huyo huchukua pamba, akaisokota juu ya paja mpaka iwe uzi mnene, akailoweka mafuta, akaiingiza katika ufa ulio kati ya mbao mbili, kisha akaishindilia kwa patasi butu na nyundo, shubiri moja baada ya nyingine. Akikaza kupita kiasi mbao huachana, akilegeza maji hupenya. Wakati huohuo mashua imelala mchangani kwa sababu maji yamekupwa, na bahari itarudi kwa saa yake, awe amemaliza au hajamaliza. Kazi haikubali haraka na maji hayamngoji mtu, kwa hiyo kilichobaki kwa wanafunzi kilikuwa kutazama vizuri.

Hatua ya pili ni kuandika sentensi moja inayoeleza kinachotokea, na sentensi hiyo isilitaje neno mlilopewa. Yao ilisema: "Fundi anaziba ufa wa mwisho kabla maji hayajafika kwenye mkuku." (Mkuku ni ule mti mrefu ulio chini kabisa ya mashua.) Sentensi ikiwashinda, tendo lenu bado halijapatikana, rudini hatua ya kwanza.

Kugawana kazi hakuhitaji maneno mengi. Mmoja aongoze, mmoja apige picha, mmoja ashughulikie sauti, mmoja aandike kila picha iliyopigwa na saa yake, na mmoja ahariri. Uamuzi wa mwisho pale eneo la kazi ni wa mwongozaji peke yake, hata kama wengine hawakubaliani naye.

Hatua inayofuata ni ruhusa na ratiba. Mwombeni ruhusa mtu mtakayempiga picha siku kadhaa kabla, mkiwa hamna kamera mkononi, na mweleze video itaonyeshwa wapi. Mkitaka kurekodi katika magofu ya Kaole au majengo ya kale ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, nendeni mapema kwa wanaoyasimamia, kwa kuwa kuna taratibu na viingilio.

Kuhusu ratiba, wanaopiga picha pwani wazingatie maji kuliko jambo lolote jingine. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu katika pwani yetu hupita mita 3, nayo ni tofauti inayobadilisha ufuo mzima. Kikundi kile kilirekodi Jumamosi saa moja asubuhi, kikarudi Jumamosi iliyofuata saa ileile kumalizia picha zilizobaki. Walipounganisha, fundi aliinua nyundo kwenye mchanga mkavu na kuiteremsha maji yakiwa yamemfika magotini. Kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu niliikagua ratiba yao nikaipitisha. Walipaswa kurudi kesho yake, wakichelewa kwa hizo dakika 50, au wangoje wiki 2, ambapo maji hurudi katika hali ileile karibu na saa ileile.

Katika kupiga picha zenyewe, kumbukeni kwamba ufuo wa Bagamoyo unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini, na mwanga wake mwororo wa asubuhi humwangukia usoni mtu anayetazama maji. Jioni jua huzama nyuma ya mji, na ufuo huingia kivulini mapema. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda kwa kasi, hivyo mwanga huo mzuri hauzidi saa moja hivi. Mfike kabla ya saa kumi na mbili, si baada yake. Simu ilazwe kwa upana, ifungwe kwenye stendi au iegemezwe kwa kitu kizito, na kipimo chake cha mwanga kifungwe kwenye mipangilio ya kamera kisibadilikebadilike kila wingu linapopita. Kila picha ishikilieni kwa sekunde 10 bila kutikisa, hata kama mtatumia 3. Pigeni tendo lilelile kwa mbali, kwa kati na kwa karibu sana: mashua nzima na bahari nyuma yake, fundi kuanzia kiunoni, kisha vidole vinavyosokota pamba mpaka nyuzi zake zionekane. Mkirekodi ndani chini ya taa za tyubu, wekeni fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 25 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na fremu 30 zinaweza kuleta mikanda inayocheza kwenye picha.

Mwisho ni kuhariri. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov aliuweka uso uleule wa mwigizaji kando ya picha tofauti, miongoni mwake sahani ya supu na jeneza, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa mahali pamoja na huzuni mahali pengine, ilhali uso haukubadilika. Ndivyo dhana inavyozaliwa, katikati ya picha mbili zinazofuatana. Wanafunzi wangu waliweka mkono wa fundi, kisha wimbi dogo likigusa mchanga, kisha mkono tena, kisha wimbi limesogea, na kila wimbi likaja mapema kuliko lililotangulia. Mkono haukuongeza kasi hata kidogo. Walikuwa wamerekodi mwenzao akisoma "Subira huvuta heri" mwishoni. Niliwaomba waiondoe sehemu hiyo, wakaiondoa kwa shingo upande.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga): Shikamoo mwalimu. Sisi tumepewa neno "uhuru", nasi tumefikiria bendera na ndege wanaoruka. Je, inafaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hizo ni picha zinazomjia kila mtu kwanza, na kwa sababu hiyo mtazamaji huziacha zipite bila kuzitazama. Ninyi mko Tanga, mji wa baiskeli. Mtafuteni binti anayejifunza kuendesha, kaka yake akikimbia nyuma ameshika kiti. Pigeni picha ya karibu ya ule mkono unaoshika, kisha unaolegea, kisha unaobaki hewani ukiwa tayari kudaka. Kinachopinga ni woga wa wote wawili, na kitaonekana.

Swali (mwanachama, Pangani): Hatuna maiki, na upepo wa kusi umeharibu sauti yote tuliyorekodi. Tufanyeje?

Jibu: Tumieni simu ya pili kama maiki. Iwekeni ndani ya mfuko wa shati la msemaji au karibu na kifua chake, matundu ya sauti yakiwa yamefunikwa kwa sponji nyembamba au kitambaa laini, naye asimame akiupa upepo mgongo. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri mtaoanisha mlio wa kofi na picha ya viganja vinavyokutana. Sauti ya nyundo, ya mawimbi au ya baiskeli inaweza kurekodiwa peke yake baadaye, mahali pasipo na upepo mkali, na mara nyingi hutoka bora zaidi.

Swali (kiongozi wa kikundi, Bagamoyo): Mwalimu, kuna wimbo wa taarabu tunaoupenda sana. Tukiuweka chini ya picha kuna tatizo?

Jibu: Lipo. Kazi za muziki zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na video ikitoka darasani ikaingia mtandaoni mtahitaji idhini ya wenye haki. Lakini hata mngekuwa nayo idhini, ningewashauri mwanzo msikilize video yenu bila muziki wowote. Ile ya fundi ilikuwa na nyundo tu, pigo, kimya, pigo, kimya, na karibu na mwisho maji yakasikika yakiingia chini ya mashua.