SOMO: Kuingiza jeni kwenye seli kwa PEI bila kuziua

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Wiki hii nimepigiwa simu nne zenye swali lilelile: kwa nini seli zinakufa kabla hazijang'aa kijani (jeni tunayoingiza hutengeneza protini ya kijani, ndiyo ishara kwamba imefika). Naandika mara moja, tuelekezane hapa.

PEI (polyethylenimine) ni polima, yaani mnyororo mrefu wa vipande vinavyojirudia, iliyoanza kutumika kwa kazi hii mwaka 1995. Ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi. Zikikutana zinajikunja kuwa chembe ndogo sana ambazo seli huzimeza.

1. Otesha seli zifunike kama asilimia 70 ya sahani.

2. Yeyusha PEI nyoofu (isiyo na matawi), miligramu 1 kwa mililita. Kwenye maji baridi haiyeyuki. Pasha hadi nyuzi 80, rekebisha pH iwe 7, chuja.

3. Hesabu uwiano wa naitrojeni ya PEI kwa fosfati ya DNA. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliona seli chache zinang'aa, nikadhani DNA haijashikwa vizuri, nikapandisha uwiano hadi 30. Asubuhi seli zote zilikuwa zinaelea, zimekufa. PEI inayobaki bila DNA ya kushika hutoboa utando wa seli. Anza na 10: maikrogramu 1 ya DNA ina kama nanomoli 3 za fosfati, kwa hiyo unahitaji nanomoli 30 za naitrojeni, na kila kipande cha PEI, chenye naitrojeni moja, kina uzito wa 43. Jibu ni maikrogramu 1.3 za PEI. ONYO: kama chupa imeandikwa hidrokloridi, kipande kina uzito wa 79.5, hesabu upya. Soma lebo!

4. Punguza DNA na PEI kila moja peke yake kwenye chumvi ya milimola 150, changanya, subiri dakika 15. Usizidishe, kwenye chumvi chembe zinazidi kugandana.

5. Dondoshea seli, badilisha media (majimaji ya kulishia seli) baada ya saa 4, angalia baada ya siku moja au mbili.

MASWALI

Kijana wa Uyole: Mkuu nimeweka PEI kwa kukadiria, seli zimekufa. Shida nini?

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Uyole: Hesabu ndefu, sina muda.

Jibu: Ni kuzidisha DNA mara 1.3 tu. Muda wa kuotesha seli upya unao?

Binti Tukuyu: Dada, polima fupi haiui sana lakini haifikishi jeni. Hakuna namna ya kupata yote mawili?

Jibu: Ipo, mdogo wangu, na ndiyo sehemu ninayoipenda. Unganisha minyororo mifupi kwa vifungo vya daisalfaidi (salfa mbili zilizoshikana). Nje ya seli vinashikilia. Ndani ya seli glutathioni, molekuli inayokata vifungo hivyo, ni nyingi, inavikata, polima inarudi vipande vipande na DNA inaachiwa. Kibebaji kinachong'ang'ania mzigo hakijafikisha kitu. Jaribu kwenye jeli ya agarosi: DNA iliyoshikwa haitembei. Weka DTT (kemikali inayokata daisalfaidi) na heparini (yenye chaji hasi, husukuma DNA itoke). Ikitembea, vifungo vyako vinakatika.

Binti Tukuyu: Ndaga fijo, dada! Na kuipaka PEG (polima inayopenda maji)?

Jibu: Inazuia kugandana kwenye seramu, lakini ikizidi seli hazimezi. Paka kidogo.

Mzee wa Njombe: Inkubeta yangu (kabati la kuoteshea seli) iko CO2 asilimia 5, mbona media inageuka zambarau?

Jibu: Ni mwinuko, mzee wangu. Mbeya tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, na asilimia 5 ya hapa ni kama 4 ya Dar es Salaam; CO2 ikipungua, asidi ya media hupungua na rangi inakuwa zambarau. Mimi naweka 6. Njombe mko juu zaidi, ongeza kidogo kidogo huku unapima pH ya media.