Jinsi ya Kuchagua Neno la Kiingereza la Kueleza Uzito au Udogo wa Jambo

Mswahili anayeandika Kiingereza huelekea kutumia "important" kila mahali ambapo angesema "muhimu", na matokeo yake ni aya ambayo kila kitu ndani yake kina uzito uleule. Maneno ya kundi hili ni mengi, lakini hayashiki nafasi moja. Kabla hujachagua, jiulize: kitu hiki kikikosekana, kitatokea nini?

Ikiwa bila hicho jambo zima haliwezekani, neno lako ni "essential", kama oksijeni ilivyo kwa moto. "Vital", lililotokana na neno la Kilatini la uhai, lina maana ya karibu sana na hiyo, ila husikika kwa msisitizo zaidi. Kwa kitu kinachoamua matokeo yaelemee upande gani, kwa mfano ushahidi wa mwisho katika kesi, andika "crucial". Maana hiyo ya uamuzi ilitokana na usemi wa Kilatini alioutumia mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon mwaka 1620, akichukua mfano wa nguzo inayomwonyesha msafiri njia kwenye njia panda. Inapendeza kujua kwamba hata "trivial", neno la mambo madogo, limetoka kwenye neno la Kilatini la mahali zinapokutana njia tatu, yaani mahali pa watu wote na mazungumzo ya kawaida.

"Critical" ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu maana yake hugeuzwa na kihusishi kinacholifuata. Ukiandika "She was critical to the plan", umesema kwamba mpango ulimtegemea yeye. Ukiandika "She was critical of the plan", umesema kwamba aliukosoa. Mgonjwa aliye "in critical condition" yu mahututi, hivyo usilitumie neno hilo kwa mgonjwa ambaye hali yake inahitaji tu kufuatiliwa.

Kwa wanaoandika ripoti za utafiti, "significant" si neno la kupamba sentensi. Katika takwimu humaanisha kwamba tofauti iliyoonekana ni vigumu kuelezwa kwa bahati tu, na kipimo kinachotumika mara nyingi ni kwamba, kama bahati tu ndiyo ingekuwa kazini, uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ungekuwa chini ya 0.05. Neno hilo halisemi kwamba tofauti hiyo ni kubwa, wala kwamba ina faida kwa mtu yeyote. Kama hukufanya jaribio la kitakwimu na unataka kusema tu kwamba ongezeko ni kubwa, "considerable" au "substantial" litakufaa bila kumpotosha msomaji.

Upande wa mambo madogo, hatari kubwa ni dharau. "Minor" hutaja udogo bila kumgusa mtu, kwa hiyo ndilo neno salama kwa kasoro, jeraha au marekebisho. Ukimjibu mtu kwamba malalamiko yake ni "trivial", umemwambia kuwa hayastahili kusikilizwa, ingawa katika hisabati neno hilohilo hutumika bila ubaya kwa jibu lililo wazi mno. "Petty" ni kali zaidi: likielekezwa kwa mtu, humtuhumu kuwa na roho ndogo na kushikilia visivyo na maana. Kiasi kidogo mno, ambacho ukikiacha nje ya hesabu jibu halibadiliki, huitwa "negligible".

Kuna pia suala la nafasi katika sentensi. "Mere" na "main" hutangulia nomino, kwa hiyo tunaandika "a mere formality" na "the main reason", wala hatuandiki "the reason is main". "Essential" halipendi "very", kwa kuwa kitu ama ni cha lazima ama si cha lazima. Ukihitaji mkazo, weka "absolutely". Katika uandishi rasmi, "It is essential that" hufuatwa na kitenzi katika umbo lake la msingi: "It is essential that he be told".

Mwisho, usidanganywe na kiambishi cha mwanzo katika "invaluable". Hapa hakikanushi thamani. Neno lote humaanisha kitu chenye thamani isiyokadirika, na ndiyo maana barua ya shukrani huandikwa "your invaluable help". Kwa kitu kisicho na thamani yoyote, andika "worthless".