Kumbeba njiti kifuani wakati wa baridi

Binti yangu alizaliwa wiki ya 32, gramu 1,600, mwezi wa saba, Njombe. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, asubuhi ukipumua unaona mvuke.

Mimi na wewe tukipigwa baridi tunatetemeka, na misuli inayotetemeka inazalisha joto. Kichanga hatetemeki. Anachoma mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Mafuta hayo hujazana wiki za mwisho za mimba, na njiti ameziruka. Akiba yake ikiisha, analegea, anaacha kunyonya, na kwa kukosa maziwa anazidi kupoa.

Kwa hiyo usisubiri alie. Gusa nyayo, kisha tumbo. Nyayo za baridi na tumbo la moto: ameanza kupoa. Vyote vikiwa baridi, mweke kifuani na uanze safari ya hospitali akiwa hapohapo. Kipimajoto cha kwapani kisome 36.5 hadi 37.5.

Vua blauzi na sidiria. Mtoto abaki na nepi kavu, kofia na soksi tu. Sweta likikaa katikati yenu, joto lako halimfikii. Msimamishe wima kati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia upande. Angalia shingo, tafadhali angalia shingo: kidevu kikilalia kifua, pumzi inabanwa. Funga kitambaa kuanzia chini ya sikio lake hadi chini ya makalio, kisha jifunike blanketi mgongoni. Khanga mpya inateleza. Mimi nilitumia kitenge kilichokwisha kufuliwa mara nyingi. Usiku nililala nimeegemea mito, siyo chali.

Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Inatakiwa angalau muda wa saa 8 kwa siku, na zaidi ni bora. Nikienda kuoga, baba yake alivua shati akampokea.

Mama mkwe wangu, kwa huruma, alileta jiko la mkaa chumbani. Nilimwomba alitoe. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu na inaua. Badala yake alikaa kitandani akambeba mjukuu wake kifuani mpaka alfajiri, nami nikalala.

Alipokaribia gramu 2,500 alianza kujinyonganyonga na kusukuma kitenge kwa miguu. Nikamfungua.