Nzi wa mezani huzaliwa chini ya meza

Sisi wauza samaki na matunda pale Majengo, Dodoma, tunapunga nzi kutwa kwa kipande cha boksi, ila kuinama tunasahau. Juzi nilimsaidia jirani kuinua gunia lililokuwa chini ya meza yake. Maganda ya embe yamelowa, na ndani yake funza weupe wanatambaa. Huko ndiko wanakotoka. Kwa joto letu hili, yai la nzi linaweza kuwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Taka zikizolewa kila jioni, funza hawapati muda wa kukua. Kwangua na udongo uliolowa, maana nao wanakaa humo.

Halafu lile tambara. Tunafutia meza, kisu, mikono, kisha linalala limejaa maji ya samaki mpaka kesho. Lifue kwa sabuni, lianike. Jua la Dodoma ni la bure. Maji ndiyo shida, najua, lakini kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 kinanawisha watu wengi kabla hakijaisha, maana kinatoa maji kidogo kidogo.

Samaki na nyama vifunike kwa chandarua safi kilichoinuliwa, kisiguse chakula, la sivyo nzi atatua juu yake na miguu ipenye.

Na tafadhali sana, dawa ya kupuliza isisogee karibu na bidhaa. Mteja anaipeleka hiyo sumu kwa watoto wake.