Somo: Je, marejesho ya kodi ya jimbo nchini Marekani ni mapato yanayotozwa kodi?

Kila fomu za 1099-G, ambazo jimbo hutumia kukujulisha lilichokurudishia, zinapoanza kuwafikia watu mwishoni mwa Januari, swali hili huulizwa upya kwa maneno yale yale, nami nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 1. Kwenye fomu hiyo soma kisanduku cha 2, chenye kiasi ulichorudishiwa, na cha 3, chenye mwaka wa kodi.

Hatua ya 2. Fungua ritani yako ya shirikisho, yaani taarifa ya kodi uliyowasilisha kwa serikali kuu, ya mwaka huo. Kama ulichukua kato la kawaida (kiasi maalumu ambacho sheria hukuruhusu kupunguza kwenye mapato bila kuorodhesha matumizi), marejesho hayatozwi kodi ya shirikisho, na somo lako limeishia hapa.

Hatua ya 3. Kama uliorodhesha makato moja moja kwenye Schedule A, jedwali la makato, ikiwemo kodi ya mapato ya jimbo, tulia, kwa maana hapa ndipo wengi hulipa wasichodaiwa. Kinachotozwa ni sehemu ile tu iliyokupunguzia kodi ya shirikisho. Tuseme mwaka 2023 ulikuwa mseja, kato la kawaida likiwa dola 13,850, nawe ukaorodhesha dola 14,250, kisha mwaka 2024 jimbo likakurudishia dola 900. Kuorodhesha kulikuongezea dola 400 tu, basi 400 ndizo zinazoingia kwenye mapato ya 2024. Angalia pia kikomo: kuanzia 2018 hadi 2024, kodi za jimbo na za mitaa hazikukatwa zaidi ya dola 10,000. Aliyelipa 15,000 akarudishiwa 1,500 alibaki na 13,500, ambazo bado zimezidi kikomo, kwa hiyo hatozwi hata senti. Programu ya kujazia ritani isiyo na taarifa za mwaka uliotangulia inaweza kuhesabu kiasi chote. Usiiamini kabla hujakokotoa mwenyewe.

Hatua ya 4. Kinachotozwa kiandike kwenye Schedule 1, jedwali la mapato ya ziada, mstari wa 1.

Maswali ya wanachama

— Nimerudishiwa dola 600, nitalipa ngapi?

Hujataja mwaka wala aina ya makato. Rudi hatua ya 2.

— Na marejesho ya shirikisho?

Si mapato.

— Samahani mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa visa ya F-1, ninatumia 1040-NR, ritani ya wasio wakaazi. Hatua ya 2 inanihusu?

Umeuliza jambo la maana, ndugu yangu. Asiye mkaazi kikodi kwa kawaida haruhusiwi kato la kawaida, isipokuwa wanafunzi wa India kwa mkataba wa nchi yao. Kama ulikata kodi ya jimbo kwenye Schedule A ya 1040-NR, huna kato la kawaida la kulinganisha nalo, na mara nyingi marejesho yote huingia kwenye mapato.

— Mimi sikupokea fedha. Niliagiza zihamishiwe kodi ya mwaka unaofuata.

Zinahesabiwa kuwa umezipokea, sawa na zile ambazo jimbo limezizuia kulipia deni lako. Tena, kama jimbo lilichelewa likakuongezea riba, riba hiyo hutozwa kodi hata kwa aliyechukua kato la kawaida.