Divisheni wani isikupumbaze

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, msijaze maombi ya chuo kwa kutazama divisheni tu, yaani daraja la jumla la matokeo yenu. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huhesabu A pointi 1 na E pointi 5. Kwenye udahili wa vyuo vikuu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1.

Chukua mchepuo wa EGM: Jiografia A, Uchumi B, Hesabu E. Kwa NECTA hizo ni pointi 8, wani kabisa! Lakini kozi inayodai Hesabu na Uchumi itakuhesabia 1 na 4, jumla 5. Ile A ya Jiografia, uliyoikeshea, haiingii. Inaniuma sana kuona mtoto mwenye wani anakosa kozi zote alizoomba. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, tafuta kozi yako, jumlisha masomo yaliyotajwa pale tu.